Nimelipa arbuni ya maua, na mchumba wangu hajui bei halisi

Shikamoo Shangazi,

Imebaki miezi mitano nifunge ndoa, na usingizi umeanza kunipaa. Sina shida na bwana harusi. Shida yangu ni maua.

Sitataja sarafu, naona aibu. Tuseme fedha zetu zote za harusi ni 100. Mimi na mchumba wangu tulikaa tukazigawa mafungu, na maua tukayapa 10. Nasema “tukayapa”, lakini aliyesema 10 ni yeye. Alisoma mahali kwamba maua yasizidi sehemu moja ya kumi ya gharama ya harusi. Mimi nilinyamaza, yeye akaandika.

Nikaenda kwa wapambaji wawili. Wa kwanza alinipa makadirio ya mstari mmoja: “Maua na mapambo ya ukumbi, jumla 11.” Wa pili alinipa karatasi mbili zilizojaa. Jumla yake ni 21. Meza 20 zenye vyombo virefu vya maua, 9. Tao la maua mahali pa kufungia ndoa, 4. Ukuta wa maua wa kupigia picha, 3. Njia ya kupita maharusi, maua pande zote mbili, 2. Meza kuu, 1. Shada langu, mashada ya wasimamizi wangu wanne na maua ya kifuani 12, vyote 2. Usafirishaji, kusimamisha na kubomoa vimo humo.

Huyu wa pili nilimpenda. Alinionyesha picha za peoni nikasahau hata nilikuja kufanya nini. Hapo hapo nikalipa arbuni ya 7 kutoka kwenye akiba yangu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mchumba wangu kwamba nimemchukua yule wa 11.

Sasa hata hiyo 11 ameiona ni nyingi. Alikwenda akaulizia bei ya waridi moja, akakadiria mashina 10 kwa kila meza, akazidisha kwa meza 20, akapata 2 na kitu. Akasema kinachobaki ni wizi, maua yenyewe kesho yake yamenyauka, kwa nini tusiweke ya plastiki. Mama yangu naye anasema meza zote lazima zifanane, asije mtu akajiona ameketishwa kwenye meza ya pili kwa heshima. Na binamu zangu wamejitolea tuyapange wenyewe usiku wa kuamkia harusi ili tuokoe fedha.

Wageni ni 160. Harusi ni mwezi Oktoba. Salio la 14 linatakiwa wiki mbili kabla. Nifanye nini? Nimwachie arbuni yangu yule wa pili niende kwa wa kwanza? Nitafute hiyo 14 kimya kimya? Na kuna njia ya kujua maua ya harusi yanastahili kiasi gani hasa?

Samahani kwa swali la mwisho, najua ni dogo: shada langu ningependa kulitunza. Inawezekana?

Aliyelipa Kimya Kimya

*

Marahaba, binti yangu.

Naanza na swali lako la katikati kwa sababu ndilo linalonitisha. Hiyo 14 usiitafute kimya kimya. Mchumba wako ataijua bei siku yoyote karatasi itakapoanguka mezani, na siku hiyo hamtazungumzia maua tena, mtazungumzia wewe. Lakini usimwendee leo usiku kulia na kuungama ukiwa mikono mitupu. Soma hadi mwisho kwanza, kaa na kalamu, halafu umwendee na karatasi iliyo na hesabu. Kumwambia “nilikudanganya bei” ni kugumu. Kumwambia “nilikudanganya bei, hii hapa hesabu ya kweli, na hapa ndipo nataka tukate pamoja” ni kugumu vilevile, ila hapo anakuwa na la kujibu zaidi ya hasira.

Na kabla ya hapo ukubali jambo moja mwenyewe. Ile 10 hamkukubaliana. Yeye alisema, wewe ulinyamaza. Uongo wa bei ulikuja baadaye, lakini mbegu yake ilipandwa siku ile uliyoona fungu halikutoshi ukaliacha liandikwe.

Kuhusu kanuni yake ya moja ya kumi: wapo wengi wanaoitaja, na wengine husema 8. Haina ubaya kama mahali pa kuanzia mazungumzo. Ubaya wake ni kwamba haijui ukumbi wako. Anayefunga ndoa kwenye bustani iliyochanua, mbele ya watu 40, anaweza kutumia 3 na asikose kitu. Anayeingia kwenye ukumbi mtupu wenye dari refu na kuta za kijivu, na wageni 160, anaweza kumaliza 10 na ukumbi bado ukaonekana kama ghala. Asilimia inakuambia wengine walitumia kiasi gani. Wewe unahitaji kujua maua yako yatakaa wapi, na yatatazamwa kwa muda gani.

Hapo kwenye muda ndipo nataka ukae sana, maana watu wengi huliruka jambo hili. Chukua karatasi ya yule mpambaji wa pili, na mbele ya kila mstari andika dakika. Njia ya maharusi: unaipita kwa dakika mbili au tatu, na dakika hizo kila mtu anakutazama wewe, hakuna anayehesabu maua ya kando. Umetengewa 2 kwa hiyo. Shada lako: liko mkononi tangu unatoka chumbani, limo karibu katika kila picha utakayoionyesha miaka 20 ijayo. Tao: linatazamwa muda wote wa kufunga ndoa, nusu saa au zaidi, na watu wote wamelielekea. Meza za wageni: saa nne au tano, tena kwa karibu, mgeni anaweza kunusa. Meza kuu: watu huitazama kila mara, lakini wanatazama nyuso zenu. Ukuta wa picha: watu hujipanga hapo jioni nzima, ni kweli, ila nina swali kuhusu ukuta huo, nitalifikia.

Ukimaliza kuandika dakika utaona mistari miwili mitatu inajifuta yenyewe.

Sasa wapambaji wako wawili. Unasema mmoja ni wa 11 na mwingine wa 21, kana kwamba umelinganisha. Hujalinganisha. Yule wa kwanza hajakupa bei, amekupa namba. “Maua na mapambo ya ukumbi, jumla” inaweza kuwa maua kwenye meza 20 au kwenye meza 8. Inaweza kuwa maua mabichi, ya plastiki, au vitambaa vyenye maua matatu yaliyochomekwa. Je, shada lako limo? Kubomoa saa sita usiku kumo? Ukimfuata huyo kwa sababu ya unafuu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwezi wa mwisho utaanza kusikia “hilo halikuwemo”. Mwandikie orodha ile ile ya mwenzake, mstari kwa mstari, umwombe aweke bei mbele ya kila mmoja. Akikataa kuandika, umeshapata jibu lako. Akiandika, huenda ukamkuta yuko 19.

Mchumba wako alipozidisha waridi moja kwa 200 hakukosea hesabu, alikosea kitu alichokuwa anakihesabu. Ua la harusi haliruki kutoka ndooni kwa muuzaji likatua mezani kwako. Hufika siku mbili au tatu kabla, limefumba, limefungwa kwenye tita, lina miiba na majani hadi chini. Kila shina lazima liondolewe majani yatakayozama majini, kwa sababu yakizama huoza, bakteria hujaa, na bakteria hao huziba mirija ambayo ua linanywea. Kisha shina hukatwa mshazari kwa kisu kikali, likasimamishwa kwenye maji kwa saa kadhaa, likatunzwa mahali pa baridi ili lichanue siku ya harusi, si juzi yake wala kesho yake. Mawaridi hupenda baridi ya nyuzi 2 hadi 4. Maua ya nchi za joto kama anturiamu ukiyaweka kwenye baridi hiyo yanaharibika, kwa hiyo yanataka mahali pao. Mpambaji makini huagiza zaidi ya anayohitaji kwa sababu mengine yatavunjika shingo njiani. Halafu kuna gari, kuna ngazi, kuna watu wanne wanaosimamisha tao alfajiri na kulibomoa usiku wa manane ukumbi unapotaka kufungwa. Mimi niliwahi kumsaidia rafiki yangu mpambaji kwa msimu mmoja, na nilichokumbuka kwa mwezi mzima baada ya pale ni mgongo. Harufu ya maua niliisahau mapema.

Mwambie hayo. Mweleze pia kwamba kwenye chombo kirefu sehemu kubwa ya bei ni ya kazi na ya kukodi chombo chenyewe. Mtu anayefikiri ananunua mawaridi ataona anaibiwa. Akijua analipia siku tatu za kazi ya watu wengine, anaweza bado kusema ni ghali, lakini atakuwa anabishana na kitu kilicho cha kweli.

Tuje kwenye kukata. Angalia karatasi yako tena: kati ya 21, meza za wageni peke yake ni 9. Watu wakitaka kupunguza huanza na shada la bibi harusi, eti litumie maua machache, kumbe shada ni moja tu. Meza ni 20. Ukiongeza mashina matatu kwenye shada, umeongeza mashina matatu. Ukiongeza mashina matatu kwenye meza, umeongeza 60. Lolote unaloliamua kuhusu meza linazidishwa, kwa hiyo anza hapo.

Wageni 160 kwenye meza 20 maana yake ni wanane kwa meza. Waulize wenye ukumbi kama wana meza za kutosha watu 10. Kama wanazo, unahitaji meza 16, na hapo umeondoa vyombo vinne bila mgeni yeyote kunyimwa chochote. Kwa bei uliyopewa, 9 inashuka hadi 7 na kidogo kabla hujagusa ua lenyewe.

Kisha si kila meza inahitaji chombo kirefu. Vyombo virefu sita vilivyosambazwa ukumbini vinatosha kulipandisha jicho juu. Meza 10 zilizobaki ziwekee vyombo vifupi, mashina 10 hadi 15 na majani ya kutosha. Vifupi viwe chini ya sentimita 35 hivi, wageni waweze kuonana usoni. Virefu viwe na shina jembamba la kuinua maua juu ya vichwa vyao. Kinachoudhi ni kile cha katikati, kinachomkaa mgeni usoni jioni nzima hadi anakisogeza chini ya meza. Tuseme chombo kifupi ni nusu ya bei ya kirefu, jambo la kumuuliza mpambaji: meza zako zote zinakuja karibu 5 badala ya 9.

Mama yako anataka zifanane. Mwambie zitafanana rangi. Virefu na vifupi vikipishana kwa mpango, mtu huona mpango. Meza 18 ndefu na mbili fupi kwenye kona ndizo zinazomwambia mgeni kwamba fedha ziliishia pale.

Njia ya maharusi, iache. Yote, kama unaweza. Ukishindwa kabisa, weka kitu kwenye viti vya mbele tu.

Ukuta wa picha ndio swali nililosema nitalifikia: kwa nini mnajenga matao mawili? Lile la kufungia ndoa mmelilipia 4, halafu baada ya nusu saa linabaki limesimama peke yake bila mtu, na ndani mmejenga jingine kwa 3 ili watu wapigie picha. Mwombe mpambaji alijenge la kwanza kwenye fremu inayohamishika, wakati wageni wanapongezana lihamishwe, liwe ndiyo sehemu ya picha. Atataka malipo ya kulihamisha, mpe, tuseme nusu. Bado umeokoa 2 na nusu. Lakini liandikwe kwenye mkataba nani analihamisha na saa ngapi. Nilihudhuria harusi moja ambako kila mtu alidhani mwingine ndiye mwenye kazi hiyo. Tao lilibaki lilikosimama hadi usiku, na maharusi wakapiga picha mbele ya pazia la ukumbi.

Meza kuu ilikuwa na 1. Hapo wekeni vyombo vya maji vitano, mashada yenu yakishamaliza kazi ya kushikwa yasimamishwe humo. Meza kuu imepambwa, na mashada yananywa badala ya kulazwa kwenye kiti hadi yalegee.

Hesabu sasa. Meza 5, tao 4, kulihamisha nusu, mashada na maua ya kifuani 2. Jumla 11 na nusu. Weka 1 pembeni, usimtajie mpambaji, kwa ajili ya ua la kifuani la mjomba aliyesahaulika na mambo ya namna hiyo. Yote 12 na nusu. Umeshalipa 7, kwa hiyo salio kwa mpambaji ni 4 na nusu, siyo 14.

Utaona haijafika 10. Sitakudanganya kwamba itafika. Mkitaka 10 kamili, tao ndilo litakalolipa: nusu yake liwe majani, maua yakusanywe upande mmoja na juu. Linaweza kupendeza sana hivyo. Lakini hilo mkate wawili. Sitaki ulikate peke yako gizani kama ulivyolipa.

Na hizo peoni. Ninaelewa, nimeziona, ni maua ya kumtoa mtu akili. Ila peoni inahitaji majira ya baridi kali ndipo ichanue, na kwenye nchi za kaskazini zinakokuzwa kwa wingi huchanua kati ya Aprili na Juni. Wewe ni Oktoba. Zinaweza kupatikana kutoka kusini mwa dunia, ambako majira yamepinduka, lakini ni mwanzo tu wa msimu wao na utalipia kila kilomita ziliyoruka. Usimpe mpambaji jina la ua. Mpe rangi na umbo: “Nataka rangi ya waridi hafifu, maua ya mviringo, yenye petali nyingi.” Atakuletea mawaridi ya bustani au lisianthasi, na kwenye vyombo vya juu anaweza kukusanya kanesheni nyingi pamoja zikatengeneza mpira wa petali ambao kutoka mita mbili hakuna atakayeutambua. Kanesheni watu huidharau. Ni ua linalokaa majini wiki mbili na zaidi bila kulalamika, mimi naliheshimu. Kama moyo umekataa kabisa kuziacha peoni, agiza tatu ziwe kwenye shada lako, basi. Wengine mnaonisoma mkiwa na harusi za Februari, mkumbuke mawaridi mekundu kuelekea tarehe 14 hayana bei ya kawaida. Chagueni rangi nyingine au wiki nyingine.

Plastiki ya mchumba wako usiitupe wazo lake lote, atakuona humsikilizi. Kuna mahali panapofaa: juu kabisa ya tao, au kitu cha kuning’inia darini, ambako hakuna mkono utakaofika wala pua. Ukichanganya na majani mabichi haijulikani. Ila aulize bei kwanza. Maua bandia yanayofanana na ua la kweli si rahisi kama anavyofikiri, na yale rahisi hung’aa chini ya taa za mpiga picha. Kuyakodi kuna maana zaidi kuliko kuyanunua, isipokuwa kama ana mpango wa kuoa tena. (Hilo usimwambie.) Kwenye shada lako, hapana.

Binamu zako wana moyo mwema, Mungu awabariki, lakini usiku wa kuamkia harusi? Chombo kifupi kimoja kwa asiyezoea ni robo saa. Vyombo 10 ni saa mbili na nusu za mtu mmoja, na hapo bado hamjaondoa miiba, hamjakata, hamjabeba ndoo za maji ngazini. Halafu maua yatakaa wapi? Yakilala kwenye chumba cha joto, au karibu na matunda yanayoiva, ambayo hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua haraka, asubuhi utaamkia petali sakafuni. Wakitaka kusaidia, wape kazi ya kuondoka na vyombo mwisho wa sherehe, maana vya kukodi vikipotea unalipa wewe.

Sasa nenda kwa mpambaji wako. Usimwambie “punguza bei”, kwa sababu atapunguza maua na hutajua ni yapi. Mpe namba yako waziwazi: “Ninazo 11 na nusu, na hii ndiyo orodha. Unaweza kunitengenezea nini?” Watu huogopa kutaja namba wakidhani mpambaji ataimaliza yote. Ataimaliza, ndiyo, lakini kwa vitu vyako, wala hatakuchorea ndoto ya 21 kwanza. Soma mkataba kabla hujaenda. Arbuni kwa kawaida hairudi, kwa hiyo kumkimbia ni kuitupa 7 yote. Kubadili idadi na aina ni jambo jingine. Wengi hukubali hadi tarehe fulani, na ukiwa na miezi mitano karibu hakika bado uko ndani yake. Muulize tarehe hiyo, na muulize kama kuna kiwango ambacho jumla haiwezi kushuka chini yake. Muulize pia ua likikosekana sokoni wiki ile ataweka lipi mahali pake, na nani ataridhia. Majibu yote yaandikwe.

Kama atasema kiwango chake cha chini ni 18, basi ndipo utakapopima: kupoteza 7 na kuanza upya na yule wa kwanza, endapo ameandika orodha yake vizuri, au kukaa na huyu. Hesabu nzima, 7 iliyopotea na bei ya mwingine, mara nyingi inakurudisha pale pale ulipo.

Mchumba wako umwone kabla ya mpambaji, si baada. Mwonyeshe karatasi ya 21 ile ile, bila kuificha kona. Mwambie 7 ilitoka wapi. Kisha mpe kalamu yeye akate, maana huenda akataka kubakisha kitu ambacho mimi nimekifuta. Nimewahi kuona mwanamume aliyekuwa anapinga maua yote akageuka kulipigania tao kwa sababu mama yake angelipenda.

Na shada lako, swali hilo si dogo. Likaushe. Kesho yake asubuhi, kabla halijalegea, toa maua yanayotaka kuoza na majani yaliyolowa, gawanya shada mafungu mawili au matatu ili hewa ipite, funga mashina kwa mpira wa kubana, si uzi, kwa kuwa yakikauka hupungua unene na uzi huachia. Yaning’inize vichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa, wiki mbili hadi tatu. Giza ndilo linalotunza rangi. Mawaridi hukauka vizuri, ingawa meupe hugeuka kama rangi ya karatasi ya zamani. Mayungiyungi usijisumbue nayo. Halafu umteue mtu wa kufanya kazi hiyo mapema na umpe ndoo, kwa sababu kesho yake asubuhi wewe hutakuwepo.

Shangazi